Daftari la kwenye kompyuta likigoma: mwongozo kamili kwa wenye mashine za zamani

Mwalimu mmoja wa sekondari alipanda Coaster kutoka Tukuyu hadi Mbeya mjini akiwa amepakata kompyuta yake iliyofungwa kwenye kanga. Aliiweka mezani kwangu taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Fundi wa huko kwetu ameniambia dawa ni kupiga Windows upya. Nikasema ngoja kwanza nije kwako."

Ndani ya ile mashine kulikuwa na maandalio yake ya masomo ya miaka minne, orodha za wanafunzi na kumbukumbu za vikao vya idara. Vyote aliviandika kwenye programu moja ya kumbukumbu, na sasa kila akiifungua anaona kioo cheupe kitupu. Ugonjwa wenyewe ulikuwa wa kuponya kwa dakika tano. Maandishi yalikuwepo, hayajapungua hata mstari, kwenye folda ambayo hakuwahi kuifungua. Kama angekubali kupigiwa Windows kule, diski ingefutwa na folda hiyo ingeondoka nayo.

Ndiyo maana naandika mwongozo huu. Programu na maandishi ni vitu viwili tofauti: programu ikifa unaipakua nyingine, maandishi yakifutika hakuna pa kuyapakua. Kwa hiyo fuata hatua hizi kwa mpangilio wake, hasa ya kwanza.

Hatua ya kwanza: toa maandishi kabla ya kutibu chochote

Kabla hujanakili, usifute programu ili uisakinishe upya. Usitoke kwenye akaunti yako, kwa sababu yale uliyoandika siku ambazo huna bando yapo ndani ya mashine hiyo peke yake, na zipo programu zinazosafisha nakala ya ndani ukitoka. Na usimruhusu mtu apige Windows.

Funga programu kabisa. Kubofya alama ya X pekee hakutoshi, maana nyingine hubaki zikifanya kazi chinichini. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager ifunguke, tafuta jina la programu, bofya End task. Kisha bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R. Kitatokea kisanduku kidogo cha kuandikia. Humo ndimo unaandika mahali pa kwenda, kulingana na programu uliyonayo.

Sticky Notes za Windows 10, vile vikaratasi vya njano, ziko hapa:
%LocalAppData%\Packages\Microsoft.MicrosoftStickyNotes_8wekyb3d8bbwe\LocalState
Faili linaitwa plum.sqlite. Kwa Windows 7 nenda %AppData%\Microsoft\Sticky Notes, faili ni StickyNotes.snt.

Joplin iko %UserProfile%\.config\joplin-desktop. Chukua database.sqlite pamoja na folda ya resources, ambamo picha na viambatisho hukaa. Ukichukua la kwanza ukaacha la pili utabaki na maneno bila picha.

Obsidian ni rahisi kuliko zote: maandishi ni mafaili ya kawaida yanayoishia na .md, kwenye folda uliyoichagua mwenyewe siku ya kwanza. Unaweza kuyasoma hata kwa Notepad.

OneNote ile ya kusakinishwa huweka nakala za akiba yenyewe. Andika %LocalAppData%\Microsoft\OneNote, ingia kwenye folda ya toleo, kwa mengi ni 16.0, kisha Backup. Kama programu bado inafunguka, njia ni fupi zaidi: File, Info, halafu Open Backups.

Hapa kuna jambo ambalo limeshaumiza watu, nisome taratibu. Ukifungua folda ya Sticky Notes mara nyingi utakuta plum.sqlite haiko peke yake. Ina wenzake wawili: plum.sqlite-wal na plum.sqlite-shm. Mtu huchukua lile la kwanza kwa kuwa jina lake limekamilika, anaacha hayo mengine akidhani ni takataka. Lakini unapoandika neno jipya, neno hilo huingia kwanza kwenye faili la -wal, na baadaye ndipo huhamishiwa kwenye faili kubwa. Kwa hiyo kazi yako ya jana na ya leo asubuhi inaweza kuwa yote imo kwenye -wal. Wachukue wote watatu, wakae folda moja, usiwabadilishe majina.

Nakili kwenye flash mbili, au flash moja na kompyuta ya jirani. Bofya kulia kwenye folda ya asili, Properties, tazama ukubwa; fanya vivyo hivyo kwa nakala. Zikilingana endelea.

Je, ukirudi nyumbani ukachomeka flash na kuona folda zote zimegeuka shortcut? Hiyo ni virusi ya flash, imezunguka sana kwenye stesheni na kwenye vyumba vya kuprinti. Mafaili yako kwa kawaida hayajafutwa, yamefichwa tu. Usibofye hizo shortcut. Fungua Command Prompt, lile dirisha jeusi la kuandikia amri, andika attrib -h -r -s /s /d G:\*.* ukiweka herufi ya flash yako mahali pa G, subiri. Folda zitajitokeza. Zinakili kwenye mashine yenye antivirusi, kisha ifomati ile flash.

Kama kompyuta haiwaki hadi ndani, maandishi bado yanatoka. Andaa flash ya Linux Mint, mfumo wa bure unaoweza kuwasha kompyuta badala ya Windows, kwenye mashine nyingine, iwashe kompyuta mbovu kupitia flash hiyo bila kusakinisha chochote, ufungue diski na kunakili. Au fundi atoe diski aiweke kwenye kasha la USB. Diski iliyofungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows ya kulinda diski, itakudai ufunguo wa tarakimu 48, ambao kwa mashine nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta.

Hatua ya pili: tazama saa na tarehe

Najua inaonekana ni jambo dogo. Lakini kwenye kompyuta za mezani zenye zaidi ya miaka minane au kumi, naanza na kona ya chini kulia ya kioo kabla ya kuuliza swali lolote.

Ndani ya kompyuta mna betri ndogo ya duara, kiasi cha sarafu, iitwayo CR2032, ya volti 3. Kazi yake ni kushikilia saa wakati umeme haupo. Betri ikichoka, kila umeme ukikatika mashine inasahau tarehe na kurudi miaka ya nyuma. Sasa programu inapotaka kusinki, yaani kuoanisha maandishi ya hapa na ya mtandaoni, hukagua kwanza cheti cha usalama cha upande wa pili. Cheti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Mashine inayoamini leo ni mwaka 2009 inaona cheti hicho hata hakijaanza kutumika, inakataa kuunganika. Wewe unaona maneno ya kosa la mtandao, unanunua bando jingine, na tatizo linabaki palepale.

Rekebisha tarehe kwanza kwa mkono. Kwenye kuchagua ukanda wa saa usihangaike kutafuta Dar es Salaam. Windows imetuandika chini ya Nairobi, UTC+03:00. Jaribu kusinki. Ikikubali, umepata mchawi.

Kisha badilisha betri, la sivyo utarudia kila umeme ukikatika. Zima, chomoa waya wa umeme ukutani, gusa chuma cha kasha ili utoe umeme tuli mwilini. Fungua ubavu, utaiona betri imelala kwenye kikombe chake. Sukuma kile kilimi cha pembeni, itaruka juu yenyewe. Weka mpya, upande wenye alama ya kujumlisha ukitazama juu. Ukiwasha, bonyeza Del au F2 uingie kwenye mipangilio, weka tarehe, hifadhi. Kwa kompyuta mpakato betri hiyo mara nyingi imefungwa kwa waya na kufichwa chini ya kibodi. Hiyo mpelekee fundi.

Saa iko sawa na bado kusinki kunagoma? Kwenye Windows 7 ambayo haijasasishwa muda mrefu, sababu inaweza kuwa vyeti vya mizizi, yaani vile vya msingi ambavyo mashine huvitegemea ili kuamini vyeti vingine, vilivyopitwa na wakati. Kimoja kilichotegemewa na tovuti nyingi sana kiliisha muda wake tarehe 30 Septemba 2021, na mashine nyingi za zamani zikaanza kukataa tovuti nzima nzima siku hiyo. Dawa ni kusasisha Windows, au kufikia maandishi kupitia Firefox, kwa sababu Firefox hubeba orodha yake ya vyeti na haitegemei ya Windows.

Hatua ya tatu: kioo cheupe au cheusi

Huu ndio ulikuwa ugonjwa wa mwalimu wa Tukuyu. Programu nyingi za kumbukumbu za siku hizi ndani yake ni kivinjari kilichovikwa nguo nyingine, na kivinjari hicho hupenda kutumia chipu ya picha ili kuchora kwa haraka. Kwenye mashine ya zamani, draiva ya chipu hiyo, yaani programu ndogo inayoiendesha, haielewi inachoambiwa, na matokeo ni dirisha tupu.

Bofya kulia kwenye ikoni ya programu juu ya meza ya kompyuta, chagua Properties, tafuta mstari wa Target. Utaona njia ya programu ikiwa ndani ya alama za kunukuu. Peleka mshale mwisho kabisa, baada ya alama ya kunukuu ya kufungia, gonga nafasi mara moja, kisha andika:
--disable-gpu
Ni vistari viwili mwanzoni. Bofya OK, fungua programu kwa ikoni hiyohiyo. Mwalimu alipoona maandalio yake ya Kidato cha Pili yakijitokeza moja baada ya jingine alikaa kimya kwanza, halafu akatoa simu na kumpigia mumewe.

Kama bado ni peupe, shuku viongezi, vile viprogramu vidogo ulivyoviongeza ndani ya programu. Kwenye Obsidian, programu ikiwa imefungwa, badilisha jina la folda ya .obsidian iliyo ndani ya folda ya maandishi, mathalani iite .obsidian-zamani. Programu itaanza kana kwamba ni mpya, na maandishi hayaguswi. Ikifunguka, rudisha kiongezi kimoja kimoja hadi umjue mkosaji.

Hatua ya nne: umri wa Windows

Swali ninalouliza: je, ilikuwa inafanya kazi vizuri, ikajisasisha, ikafa? Windows 7 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Januari 2020, Windows 8.1 tarehe 10 Januari 2023, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ukakoma tarehe 14 Oktoba 2025. Watengenezaji wa programu hufuata nyayo. Msingi uitwao Electron, ambao Joplin na Obsidian zimejengwa juu yake, uliacha kuhudumia Windows 7 na 8 kuanzia toleo la 23, mwaka 2023. Basi toleo jipya likiingia kwenye Windows 7 halifunguki, na hakuna hila ya kulifungua.

Rudi kwenye toleo la zamani, kutoka kwenye ukurasa rasmi wa programu yenyewe tu, na uzime kujisasisha. Tahadhari moja: toleo jipya likishawahi kugusa hazina ya maandishi, linaweza kuibadilisha mpangilio, na toleo la zamani likakataa kuisoma. Hapo utaifurahia ile nakala ya hatua ya kwanza.

Hatua ya tano: inafunguka lakini inaganda

Fungua Task Manager tena, safari hii utazame namba. Memory ikiwa juu ya asilimia 90, ramu haitoshi. Mashine ya GB 2 haiwezi kubeba kivinjari chenye kurasa kumi pamoja na programu ya kumbukumbu ambayo nayo ni kivinjari. Funga kivinjari. Nenda sehemu ya Startup, au msconfig kwa Windows 7, uzime vinavyojiwasha bila kazi. Tazama pia kumbukumbu zenyewe: katibu wa kikundi cha wakulima wa parachichi alikuwa akiweka picha za risiti moja kwa moja kutoka kwenye simu, kila moja MB 4, kwenye ukurasa mmoja wa mwaka mzima. Tuligawa ukurasa kwa miezi, ikawa nyepesi.

Disk ikikaa asilimia 100 muda wote, sikiliza. Diski ya zamani inayogonga, ka-ka-ka, inaaga. Andika kwenye Command Prompt: wmic diskdrive get status. Ikijibu Pred Fail, acha kila kitu na umalizie kunakili. Ikijibu OK hiyo si hakikisho, lakini unaweza kupumua. Usiharakishe kutumia chkdsk, amri ya Windows ya kukagua diski, kwenye diski inayogonga, maana kuisukuma sana kunaweza kuimaliza kabla hujatoa mali yako. Kama diski ni nzima ila nzito, kuibadilisha kwa SSD, diski ya kasi isiyo na sehemu inayozunguka, ndiyo fedha yenye faida kuliko zote unayoweza kutia kwenye mashine ya zamani. Nasema hivyo kwa kuwa nimeona watu wakinunua ramu mara mbili na kuambulia kidogo.

Huku kwetu hali ya hewa nayo ina mkono wake. Njombe na Makete mwezi wa sita na wa saba, kompyuta iliyolala chumba cha baridi ikiletwa sebuleni penye jiko la mkaa hupata umande ndani, kama miwani inavyopata ukungu. Iache ikiwa imezimwa kwa saa moja hivi kabla ya kuiwasha. Rungwe unyevu wa mvua huweka kutu nyembamba kwenye meno ya ramu, na mashine huganda bila mpangilio. Toa ramu, futa yale meno ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, pangusa unga wake, irudishe hadi vilimi viite. Na kwa sababu ya baridi watu huiweka kompyuta juu ya blanketi ikiwa inafanya kazi. Blanketi linaziba matundu ya hewa, mashine inachemka, inajipunguzia kasi ili isiungue. Weka ubao chini yake.

Hatua ya sita: umeme ulikatika ukiwa unaandika

Usifungue na kufunga programu mara kumi ukitumaini. Fanyia kazi nakala, si faili la asili.

Kama maandishi ni mafaili ya kawaida na moja linaonekana tupu ingawa ukubwa wake si sifuri, yaliyomo yamekwenda. Tafuta toleo la nyuma. Obsidian ina kifaa cha File recovery, ambacho kwa mpangilio wake wa kawaida hupiga picha ya maandishi kila dakika 5 na kuitunza siku 7. Joplin ina historia ya kila kumbukumbu, ya siku 90. OneNote ina pipa linalotunza kurasa zilizofutwa kwa siku 60. Hesabu siku zako, usichelewe.

Kama hazina ya maandishi ni faili la .sqlite, kama la Joplin, na programu inadai imeharibika, pakua kifaa cha bure cha sqlite3, kiweke folda moja na nakala, kisha:
sqlite3 database.sqlite "PRAGMA integrity_check;"
Jibu la ok maana yake hazina ni nzima na ugonjwa uko kwenye programu. Jibu refu lenye makosa, andika:
sqlite3 database.sqlite ".recover" | sqlite3 mpya.sqlite
Kifaa kitaokota kila mstari kinachoweza kuusoma na kuupanga kwenye hazina mpya. Ipe mpya jina la ile ya zamani, irudishe mahali pake, fungua. Kinaweza kisiokoe yote, lakini nimeona kikirudisha kurasa ambazo mwenyewe alikuwa ameshazilia.

Kwa wanaoandika Kinyakyusa na ndugu zake

Nimeletewa mafaili ya hadithi za wazee ambamo kila ɨ na kila ʉ imegeuka alama ya kuuliza. Notepad ya Windows 7 huhifadhi kwa ANSI, mfumo wa zamani wa kuhifadhi herufi, usipoiambia vingine, na ANSI haizijui herufi hizo. Ikishahifadhi, zimepotea, hakuna dawa ya baadaye. Kila ukihifadhi mara ya kwanza chagua Save As, na kwenye Encoding weka UTF-8. Notepad ya Windows 10 kuanzia toleo la 1903 inafanya hivyo yenyewe.

Hatua ya mwisho: hamia kwenye kitu ambacho mashine inakiweza

Mashine ya GB 2 isilazimishwe kubeba mzigo wa mashine ya GB 8. Ukishaokoa maandishi, yatoe kwenye mfumo wa kawaida: Joplin, kwa mfano, kwenye File ina Export ya kutoa kila kumbukumbu kama faili la Markdown, yaani maandishi ya kawaida ya .md. Kisha tumia programu nyepesi, kama Zim au Notepad++, ambazo huhifadhi maandishi matupu yanayosomeka popote. Ukiwa tayari kuachana na Windows 7, Linux Mint yenye Xfce, sura yake nyepesi, inaanza na GB 2 za ramu, na Lubuntu, aina nyingine ya Linux, nayo ni nyepesi.

Baada ya hapo chukua ile flash ya hatua ya kwanza, ichomeke kwenye kompyuta ya mtu mwingine ambayo haijawahi kuona maandishi yako. Fungua ukurasa wa zamani kuliko yote, usome. Fungua wa jana, usome. Yote mawili yakisomeka, ipeleke flash moja ikae nyumba nyingine, kwa dada yako au kwa jirani unayemwamini, na uandike tarehe juu yake kwa kalamu ya wino.